Pesa za usalama kutoka jimboni: njia nne, na ipi inafaa kwenu

Mgombea akisema "tutawaletea pesa za usalama kutoka jimboni", bado hajasema kitu. Nchini Marekani maneno hayo yanaweza kumaanisha kodi ya kudumu unayokatwa kila ukinunua tairi, nyongeza ya mshahara kwa sherifu wa shamba, fungu lililotolewa mara moja likaisha, au ruzuku ambayo jiji lenu litaiomba na pengine kunyimwa. Zote nne zimepitishwa kwa sheria za majimbo na zote hulipia usalama wa mitaani, lakini ukifuatilia dola hadi mwisho utakuta kila moja imekwenda kwake. Makala hii ni ya msomaji anayeishi huko, mwenye kura au kiti kwenye kamati ya jiji, anayetakiwa aseme anaunga mkono ipi.

Kwanza tuelewane juu ya mfumo, maana aliyekulia kwetu hupotea hapa. Tanzania ina jeshi moja la polisi chini ya IGP, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nalo, kwa upande wa bara, ni la serikali kuu. Kenya polisi ni wa taifa, ila zimamoto ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Marekani ina vyombo vya polisi karibu 18,000, vingi vikiwa vya jiji au vya kaunti, na mishahara inalipwa na jiji au kaunti yenyewe kutokana na kodi inazokusanya, hasa kodi ya majengo na kodi ya mauzo. Sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, huchaguliwa kwa kura. Serikali kuu ya Washington huchangia, lakini askari anayekuja ukipiga 911 hapokei mshahara wake kutoka huko. Kaunti ikiwa fukara, polisi wake nao ni fukara. Hapo ndipo bunge la jimbo huombwa liweke mkono.

Vigezo vya kupimia

Nimechagua maswali matano, na kila njia nitaiuliza hayo hayo. Pesa zinatoka wapi na zitadumu? Zinagawanywa kwa kipimo gani? Zinaruhusiwa kununua nini? Je, kweli ni nyongeza, au jiji litazipokea kwa mkono wa kulia na kupunguza pesa zake kwa mkono wa kushoto? Na la mwisho, mkazi wa kawaida anaweza kusema wapi akasikilizwa?

Swali la nne ndilo huulizwa mara chache na ndilo lenye uzito, kwa maoni yangu. Jimbo likileta milioni tano na jiji likaondoa milioni tano zake kwenda kujaza mashimo ya barabara, usalama haujaongezeka hata senti, ingawa meya atapiga picha.

Njia zenyewe kwa ufupi

Ya kwanza ni kodi ya mauzo ya nusu senti kwa dola, iliyopitishwa na wapigakura wa California mwaka 1993, maarufu kama Pendekezo namba 172. Imeandikwa ndani ya katiba ya jimbo.

Ya pili ni ruzuku ya mishahara ya Texas, Mswada wa Seneti namba 22 wa mwaka 2023, kwa ajili ya masherifu, manaibu wao, askari wa jela na waendesha mashtaka wa kaunti ndogo.

Ya tatu ni mgao wa dola milioni 300 uliotolewa na Minnesota mwaka huo huo wa 2023 kwa majiji, kaunti na serikali za makabila ya wenyeji asilia.

Ya nne ni California tena: ushuru wa asilimia 11 kwenye bunduki na risasi ulioanza Julai 1, 2024, ambao sehemu yake inaendesha ruzuku za kuzuia mauaji mitaani, mpango unaoitwa CalVIP.

Nimeweka mbili za California kwa makusudi. Jimbo moja linaweza kuwa na njia mbili zisizofanana hata kidogo, na mtu wa Los Angeles yumo ndani ya zote mbili.

Pesa zinatoka wapi, na zitadumu?

Kodi ya California ya 1993 ina historia inayofaa kusimuliwa. Jimbo lilikuwa limekaukiwa, na ili kulipia shule lilichukua mapato ya kodi ya majengo ambayo zamani yalikwenda kwa kaunti na majiji. Mwaka wa fedha 1993–94 peke yake lilihamisha dola bilioni 2.6. Ili kuwapoza walionyang'anywa, wapigakura waliombwa waifanye ya kudumu kodi ya nusu senti iliyokuwa ya muda. Mwishoni mwa Oktoba mioto ya nyika ilitambaa kusini mwa jimbo na kuteketeza mamia ya nyumba huko Laguna Beach. Siku yenyewe ya kura, Novemba 2, moto mwingine ukawaka kwenye vilima vya Topanga na kushuka hadi Malibu. Watu walipiga kura moshi ukionekana kwenye televisheni, na pendekezo likapita. Nusu senti hiyo haikufikia kiasi kilichochukuliwa, na kaunti bado zinalalamikia hilo. Lakini zaidi ya miaka 30 imepita na pesa zinaendelea kuja kila mwezi. Uthabiti wake una kasoro moja tu: uchumi ukianguka, watu hawanunui, nazo hupungua. Mwaka 2008 na 2009 kaunti zilikiona.

Texas haina kodi ya mapato ya mtu binafsi. Ruzuku yake, karibu dola milioni 330 kwa kipindi cha kwanza cha miaka miwili, inatoka kwenye mfuko mkuu wa jimbo. Bunge la Texas hukutana kikao cha kawaida kila mwaka usiogawanyika kwa mbili, siku 140, kisha wabunge wanarudi makwao. Maana yake ni kwamba kila baada ya miaka miwili sherifu wa kaunti ndogo anasubiri kujua kama mshahara aliompandishia naibu wake utaendelea kupata mlipaji.

Minnesota ilikuwa na ziada ya bajeti iliyozidi dola bilioni 17 mapema 2023. Gavana Tim Walz na wabunge waliamua sehemu ya ziada hiyo iende kwenye usalama, ikapitishwa ndani ya sheria ya kodi ya Mei, na kulipwa mwishoni mwa Desemba. Mara moja tu. Hakuna mtu aliyedanganywa kuhusu hilo, liliandikwa wazi. Tatizo ni kwamba watu husoma "milioni 300" na kuruka maneno "mara moja".

Ushuru wa bunduki wa California unategemea mauzo ya bidhaa ambayo wanaouunga mkono wengi wangependa ipungue. Bastola ya dola 600 inaongezewa dola 66. Mauzo yakishuka, mfuko unashuka. Isitoshe, wenye maduka na vyama vya wamiliki wa bunduki waliupeleka mahakamani mara ulipoanza. Ndiyo njia yenye misukosuko zaidi kati ya nne, ingawa kabla yake CalVIP ilikuwa ikiishi kwa huruma ya bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo hata chanzo chenye kuyumba ni hatua.

Nani anapata, na kwa kipimo gani?

Hapa ndipo tofauti zinapokuwa kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Texas inagawa kwa madaraja. Kaunti yenye watu chini ya 10,000 inapata dola 250,000 kwa mwaka kwa ofisi ya sherifu. Kuanzia 10,000 hadi chini ya 50,000 ni dola 350,000. Kuanzia hapo hadi 300,000 ni dola 500,000. Zaidi ya watu 300,000, hakuna kitu. Waendesha mashtaka wana madaraja yao: 100,000, 175,000 na 275,000.

Sasa piga hesabu. Kaunti ya Loving, magharibi ya mbali karibu na mpaka wa New Mexico, ilihesabiwa watu 64 katika sensa ya 2020. Kwa kipimo cha sheria, haki yake ni dola 250,000, yaani karibu dola 3,900 kwa kila kichwa. Kaunti yenye watu 9,000 nayo ni 250,000, sawa na dola 28 hivi kwa mtu. Kaunti inayokaribia watu 300,000 inapata chini ya dola 2 kwa mtu. Na Harris, ambamo Houston ipo, pamoja na Dallas, ambako Waswahili wamejaa, hazipati chochote kwa sheria hii. Ukiitazama kwa jicho la haki kwa kila mtu, ni kituko. Ukiitazama kwa jicho la sherifu mwenye manaibu watatu na eneo ambalo huwezi kulimaliza kwa gari asubuhi moja, ni sawa kabisa, maana gharama ya kuwa na ofisi haishuki kwa sababu wakazi ni wachache. Mimi naielewa hoja ya pili. Kinachoniudhi ni ngazi yenyewe: kaunti ya watu 9,900 na ya watu 10,100 zinatofautishwa kwa dola 100,000, kisa watoto mia mbili waliozaliwa.

Minnesota ilifanya kinyume chake. Ilihesabu watu, ikagawa kwa idadi, basi. Jiji kubwa lilipata kikubwa na kijiji kikapata kidogo. Minneapolis ilipata karibu dola milioni 19. Hakuna maombi ya kujaza, hakuna mshauri wa kulipwa. Pesa ziliingia tu. Udhaifu wake ni kwamba kipimo hicho hakiangalii uhalifu wala umaskini: kitongoji tulivu chenye nyumba za nusu milioni na kitongoji chenye milio ya risasi kila wiki vinapimwa kwa mizani moja.

Kodi ya mauzo ya California hugawanywa kwa kaunti kulingana na mauzo yanayotozwa kodi ndani ya kila kaunti. Kaunti yenye maduka makubwa na wauza magari hupata zaidi kuliko kaunti ya wakulima ambayo wakazi wake huvuka mpaka kwenda kununua. Sehemu kubwa mno hubaki kwa kaunti. Majiji hupata kidogo, nayo ni yale yaliyopoteza kodi ya majengo mwaka ule wa 1993. Diwani wa jiji changa akikuahidi pesa za 172, muulize vizuri.

CalVIP hushindaniwa. Jiji au asasi inaandika ombi kueleza mauaji yanatokea wapi, nani yumo hatarini, na watafanya nini. Bodi ya jimbo husoma, hutoa alama, na walio juu hupata. Pesa hufuata tatizo, jambo ambalo njia nyingine tatu haziwezi kujisifia. Lakini hufuata pia kalamu nzuri. Jiji lenye idara ya kuandika maombi lina nafasi kubwa kuliko mji mdogo wa bondeni ambako karani mmoja anafanya kazi za watu wanne.

Zinanunua nini?

California ya 1993 inasema pesa ni za huduma za usalama wa umma, na sheria inazitaja: masherifu, polisi, zimamoto, waendesha mashtaka wa kaunti, magereza ya kaunti, hata waokoaji wa ufukweni. Mahakama hazimo. Ndani ya orodha hiyo kaunti inajipangia. Matokeo yake ni ugomvi usioisha. Zimamoto ndio waliosimama mbele ya kamera mwaka 1993 wakiomba kura, na katika kaunti nyingi sherifu na jela ndio waliokula sehemu kubwa. Vyama vya zimamoto vimekuwa vikirudi kwenye mabaraza ya kaunti mwaka hadi mwaka kudai sehemu yao. Funzo kwa mpiga kura ni la moja kwa moja: aliye usoni mwa bango si lazima awe ndiye mwenye pesa.

Texas imebana zaidi. Kwanza lazima mishahara ifike kiwango cha chini: dola 75,000 kwa sherifu, 45,000 kwa naibu anayesimamisha magari barabarani, 40,000 kwa askari wa jela. Ukishafika hapo, kinachobaki kinaweza kuongeza mishahara zaidi, kuajiri, au kununua magari, silaha na vifaa vya kujikinga. Zimamoto wa kujitolea, ambao ndio wanaoshikilia sehemu kubwa ya Texas ya mashambani, hawamo. Wala polisi wa miji.

Orodha ya Minnesota ni pana kupita zote: kuzuia vurugu katika jamii, huduma za dharura za afya ya akili, msaada kwa waathirika, mafunzo, afya ya waokoaji wenyewe, vifaa vya zimamoto, watumishi. Kisha inataja yaliyokatazwa, na makatazo hayo yanaonyesha kilichokuwa akilini mwa wabunge miaka mitatu baada ya George Floyd kuuawa na polisi wa Minneapolis: marufuku kununua magari ya kivita, marufuku mabomu ya machozi, marufuku kulipia gharama za kesi za polisi walioshutumiwa kwa utovu wa nidhamu, marufuku kujenga au kukarabati kituo cha polisi.

Upana una bei yake. Minneapolis ilipopata milioni zake, meya Jacob Frey alipendekeza dola milioni 15 ziwe bonasi za kuwabakiza na kuwavutia askari, maana kikosi kilikuwa kimepungua vibaya tangu 2020. Askari aliyepo angepata hadi dola 18,000 kwa miaka mitatu. Novemba 2023 wengi wa madiwani walikataa. Wengine walisema bonasi hazijathibitika kumbakiza mtu kazini, wengine walitaka pesa ziende kwenye kuzuia vurugu. Jimbo lilikuwa limekwepa mjadala huo kwa kuandika orodha pana, na mjadala ukahamia ukumbi wa jiji. Mtu anaweza kuliita hilo demokrasia au kusukumiana mzigo. Nadhani ni vyote viwili.

CalVIP ina sharti ambalo linaitofautisha na zote: jiji likipata ruzuku, angalau nusu lazima iende kwa asasi za kijamii au idara za umma zisizo za polisi. Aina ya kazi inayolipiwa inaonekana vizuri Richmond, jiji la ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, ambalo lilianzisha ofisi yake ya usalama wa mitaa mwaka 2007, kabla CalVIP haijakuwepo. Mwaka huo waliuawa watu 47. Ofisi hiyo iliajiri watu wa mtaani hapo hapo, baadhi yao waliowahi kufungwa, wawe wanatembea kona kwa kona kuzungumza na vijana wachache wanaojulikana kuwa ndio wenye kushika bunduki. Baadaye ikaanzisha programu ya kumfuata kila kijana kwa karibu, na akitimiza malengo aliyojiwekea, kama leseni ya udereva, shule au kuacha pombe, alikuwa akipewa posho ya hadi dola 1,000 kwa mwezi. Wapinzani walisema jiji linawahonga wauaji. Mwaka 2014 waliouawa walikuwa 11. Sababu ni zaidi ya moja, polisi wa Richmond nao walibadilika kipindi hicho, lakini hakuna sherifu wa Texas anayeweza kulipia kazi ya namna hiyo kwa ruzuku yake.

Je, ni nyongeza kweli?

California ya 1993 ina kizuizi: kaunti lazima idumishe kiwango cha matumizi ya usalama kinachohesabiwa kuanzia mwaka wa msingi, 1992–93. Kiwango hicho ni cha zamani mno, na kaunti nyingi hukivuka bila jasho, kwa hiyo kizuizi kimelegea. Texas inasema kaunti isipunguze pesa ilizokuwa ikimpa sherifu kwa sababu ya ruzuku. Hilo lina meno zaidi, maana mwaka wa kulinganisha uko karibu na hesabu hukaguliwa na mdhibiti wa fedha wa jimbo.

Minnesota iliruhusu kulipia gharama za watumishi na vifaa, na hapo mwanya upo. Baraza la mji linaweza kulipia jambo ambalo lingelilipia hata hivyo, na kuzuia kodi ya majengo isipande mwaka unaofuata. Wenye nyumba watashukuru. Mwaka wa pili barua ya kodi itakuja na pengo.

CalVIP ni rahisi kufuatilia kwa sababu kazi nyingi zake hazikuwepo kabisa kabla ya ruzuku. Ugumu wake uko mwishoni: ruzuku ikiisha, wale watu wa kona kwa kona wanaachishwa, na uaminifu walioujenga haujazwi tena kwa fomu.

Mkazi anasema wapi?

Kodi ya kudumu inakupa sauti mara moja kubwa, siku ya kura, kisha kila mwaka kwenye bajeti ya kaunti. California karibu kaunti zote huongozwa na wasimamizi watano waliochaguliwa, na mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo mwezi wa kusema ni Mei na Juni. Ukumbi huwa umejaa vyama vya wafanyakazi wa sherifu. Mkazi wa kawaida ni nadra kuonekana, na ndiyo maana anayefika akiwa na swali moja lenye namba hujibiwa.

Texas sauti yako iko kwa makamishna wa kaunti na kwa sherifu mwenyewe unayempigia kura. Minnesota kuna jambo zuri: katikati ya Novemba kila mwenye nyumba hupata barua ya kodi inayopendekezwa mwaka ujao, ikitaja tarehe ya kikao cha wazi ambacho kisheria huanza saa 12 jioni au baadaye, ili mwenye kazi aweze kufika. Mpangaji hapati barua hiyo, lakini haki ya kuzungumza ni yake pia.

CalVIP inaacha nafasi kubwa kwa asasi na ndogo kwa mtu mmoja mmoja. Ombi likishaandikwa, mkazi hana la kuongeza.

Jambo la pembeni kwa wa Minnesota: kila mwaka bima ya gari lako inatozwa asilimia 2 ambayo hurudi kwa majiji na kaunti kusaidia pensheni za polisi. Hakuna mgombea anayeitaja, na ni kati ya pesa za usalama za uhakika kuliko zote.

Inafaa nani, kwa hali ipi

Kama unaishi kaunti ndogo ambako manaibu wanafunzwa hapo kisha wanahamia jiji la jirani lenye mshahara mnono, ruzuku ya namna ya Texas inagusa kidonda chenyewe. Uliza kwanza kaunti imepangaje kulipa mishahara hiyo bunge lisipoirudia. Kama jibu ni kimya, omba angalau sehemu iende kwenye magari na vifaa, ambavyo havidai mshahara mwakani.

Kama shida yenu ni kitu kinachonunuliwa na kukaa, redio zisizoshika mawimbi bondeni, mitungi ya hewa ya zimamoto iliyopitwa na wakati, au gari la zimamoto ambalo jipya lake sasa huweza kuzidi dola milioni moja, mgao wa mara moja wa namna ya Minnesota unatosha na hauna haja ya kuombewa udumu. Kuajiri kwa pesa hizo ni kamari.

Kama risasi zinalia kwenye mitaa michache inayojulikana na vijana wanaohusika wanajulikana kwa majina, ushindani wa namna ya CalVIP unafaa kuliko kuongeza doria jiji zima. Unafaa zaidi pale ambapo tayari kuna asasi yenye watu wanaoaminika. Kama haipo, mwaka wa kwanza utaishia kwenye vikao. Wazee wa misikiti na wachungaji wa makanisa ya Kikongo na Kikenya wana nafasi hapa, na bodi hutazama kama walioandikwa kwenye ombi ni watu halisi wa mtaa.

Kama mahitaji ni ya kila siku na ya pande zote, polisi, zimamoto na jela kwa pamoja, na wapigakura wako tayari, kodi maalum ya mauzo ndiyo yenye pumzi ndefu. Dai mgawanyo uandikwe kwenye sheria yenyewe, asilimia kwa asilimia, kabla ya kura. Na ukumbuke nani anailipa: California unga na mchele havitozwi, lakini simu, sofa na nguo za shule vinatozwa, na familia ya kipato cha chini hutumia sehemu kubwa ya mapato yake kwenye vitu kama hivyo kuliko tajiri. Mwenye nyumba anaweza kuipenda kwa sababu inaipunguzia presha kodi yake ya majengo. Mpangaji hana sababu hiyo, ingawa mwenye nyumba wake akipandishiwa kodi, naye atapandishiwa.

Kama uko nyumbani Kenya na umefuata makala hii kwa sababu gari la zimamoto la kaunti yenu halifiki, njia iliyo karibu nanyi ni ya Minnesota: mgao wa taifa kwa kaunti huja bila kufungwa kwa jambo fulani, na bunge la kaunti ndilo linaloamua zimamoto wapate ngapi. Vita vyenu viko kwenye ushiriki wa umma wa bajeti ya kaunti, kabla ya Juni 30.

Na kama mko kwenye kamati mkiwa mmegawanyika, mwombeni karani wa jiji karatasi tatu: matumizi ya usalama ya miaka mitano iliyopita kwa mafungu, idadi ya nafasi za kazi zilizo wazi polisi na zimamoto, na orodha ya ruzuku zinazoisha miezi 24 ijayo. Nafasi wazi zikiwa nyingi, anzeni na mishahara. Ruzuku zinazoisha zikiwa nyingi, msikubali nyingine ya muda mfupi kabla hamjajua za kwanza zitazibwa na nini.